Uzinduzi wa Ndaki ya Makazi Shambani kwa Mama Teodora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati nzuri ni mimi mwenyewe. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji cha Ilendela pamoja na wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji, mliopo na mlioko mashambani kwa kisingizio cha mvua. Mchungaji Gideoni wa Kanisa la Kibaptisti Ilendela. Shemasi Beatha na mashemasi wenzako. Katibu wa Kanisa, Dada Zipora, ambaye naona umeshafungua daftari kabla sijasema lolote la kuandikwa. Wawakilishi wa Njombe mlioketi kulia. Wawakilishi wa Makambako mlioketi kushoto, mbali na wenzenu. Mzee Laurenti kutoka Uwemba, unayewakilisha ndugu zetu Wakatoliki na ambaye nimeambiwa umekuja kuangalia tu. Mama Teodora, mwenye shamba hili, samahani, uliyekuwa mwenye shamba hili. Mwanafunzi wetu Ndugu Abel. Dereva wangu Rodrick. Wageni waalikwa na wageni mliosikia spika mkaja. Itifaki imezingatiwa, na kama kuna mtu sijamtaja, basi ajihesabu ametajwa kwa kiwango cha juu kuliko waliotajwa.

(Makofi kutoka kwa dereva.)

Tumsifu Yesu Kristo. (Mzee Laurenti peke yake: "Milele amina.") Nimekumbushwa kwamba leo niko kwa Wabaptisti. Bwana Yesu asifiwe. ("Amina.") Na kwa salamu ya huku kwetu, kamwene. ("Kamwene.") Sasa tumeelewana.

Ndugu wananchi, mimi, Anderson, mwana halisi wa nchi hii ya baridi, Mratibu Mkuu wa Kanda wa Kamisheni ya Maandalizi ya Uanzishwaji wa Ndaki ya Makazi ya Chuo Kikuu na Shule ya Theolojia ya Kibaptisti, nasimama mbele yenu nikiwa na furaha isiyo na kipimo, ingawa wataalamu wangu wamejaribu kuipima na kupata asilimia tisini na moja nukta nne, ili kuzindua rasmi, kwa mara ya tatu, mradi huu mkubwa ambao haujawahi kutokea katika ukanda wote huu kuanzia Njombe hadi Makambako, na ninaposema haujawahi kutokea naomba nieleweke hivyo hivyo nilivyosema.

(Hapo Mama Teodora, mjane wa miaka sabini na moja, akanyoosha mkono kutoka kwenye benchi la mbele. "Mheshimiwa, swali langu ni fupi. Mvua imenyesha tangu Jumanne. Hapa tulipokaa ni shambani kwangu. Nipande viazi au nisipande?")

Swali zuri sana, Mama, na shikamoo. ("Marahaba. Nipande?") Swali hili limepokelewa, na litajibiwa kwenye kipengele cha mengineyo, kwa sababu mkutano ukianza kujibu maswali mwanzoni hautakuwa na cha kufanya mwishoni.

Wapo wanaouliza, na kuuliza si ujinga, ndaki ya makazi ni kitu gani? Ndaki ya makazi ni chuo kilichomo ndani ya chuo kikuu, ambamo mwanafunzi na mwalimu wake wanalala jengo moja, wanakula meza moja na kupiga mswaki kwenye karo moja, ili elimu isidondoke njiani wakati wa kurudi nyumbani. Humo ndani, kwa kuzingatia mahitaji ya stakeholders, yaani wadau, tutakuwa na Shule ya Theolojia ya Kibaptisti, itakayoandaa wachungaji mpaka ngazi ya shahada, ili mchungaji wa Lupembe asipande tena basi siku mbili kwenda kutafuta Kigiriki cha Agano Jipya, bali Kigiriki kimfuate huko huko kwenye shamba la chai kimkute anachuma. Na chuo kikuu chenyewe ambacho ndaki hii itakuwa ndani yake kitaanzishwa baadaye, ndaki ikishakamilika, kwa sababu uzoefu wa kimataifa unaonyesha kwamba mtoto akishazaliwa, mzazi naye hupata sababu ya kuwepo.

(Mzee Laurenti alimwinamia jirani yake. "Amesema mtoto anatangulia?" Jirani akamwambia ndivyo alivyosema.)

Uteuzi wa eneo haukuwa jambo jepesi. Njombe walisema ndaki ni ya kwao, kwa kuwa ndiko ziliko ofisi. Makambako wakasema ndaki ni ya kwao, kwa kuwa ndiko iliko reli na ndiko basi zote zinakosimama. Nikaunda kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaenda semina, na semina ikazaa feasibility study ya kurasa mia mbili na kumi na mbili, ambazo kati yake kurasa kumi na mbili za mwisho tayari zimeandikwa. Mapendekezo ya utafiti huo ni kwamba jengo likae katikati, hapa Ilendela, likiwa na mbele mbili, moja ikitazama Njombe na nyingine ikitazama Makambako, na lisiwe na nyuma kabisa, ili pasiwe na mji utakaojisikia umepewa kisogo.

(Mama mmoja upande wa Makambako: "Na jiko litakaa wapi kama hakuna nyuma?")

Jiko, mama yangu, ni suala la Phase Five. Tusikimbilie kula.

Sasa niingie kwenye utekelezaji. Hadi kufikia leo, asilimia themanini na saba ya maandalizi ya kujiandaa imekamilika, na asilimia kumi na tatu iliyobaki iko kwenye mchakato wa kuanza kuandaliwa. Vitanda mia sita na arobaini vimeshapangwa kwenye mastaplani, yaani ramani kuu ya mradi, vyote vichwa vikiwa mashariki, na nimesimamia mwenyewe zoezi hilo kwa penseli. Nimeshateua msimamizi wa chakula cha jioni, naibu wake, na mtu wa kugonga kengele, ambaye anaendelea kuisubiri kengele kwa uvumilivu wa kuigwa. Aidha tumeshaandika na kupitisha sheria za bweni: ni marufuku kuingia na pombe ya ulanzi, ni marufuku kuwasha jiko la mkaa chumbani hata baridi iweje, na ni marufuku kuanika nguo madirishani, na ninayo fahari kubwa kuutangazia umma kwamba kwa miaka minne mfululizo hakuna mwanafunzi hata mmoja wa ndaki hii aliyevunja hata sheria moja.

(Makofi kutoka kwa dereva. Shemasi Beatha alikohoa.)

Wapo wabaya wetu wanaosema hakuna kinachoonekana kwa macho. Hao ni watu wa kuhurumiwa. Geukeni nyuma mtazame. Mnaona nini? (Sauti kadhaa: "Shimo.") Ninyi mnaona shimo. Mimi, kwa jicho la kitaalamu, naona miundombinu. Shimo lile lilichimbwa na washirika wa kanisa hili kwa majembe yao wenyewe mwaka wa kwanza wa mradi, likikusudiwa kuwa msingi wa ukuta wa mashariki. Mvua ikanyesha, likajaa maji, na mtu mwenye mawazo finyu angelia. Mimi nilifurahi. Leo hii Mchungaji Gideoni ameshabatiza humo watu thelathini na mmoja, na taarifa niliyo nayo mezani inathibitisha kwamba wote walitoka. Ndiyo kusema Shule ya Theolojia imeanza mafunzo kwa vitendo kabla ya kuwa na paa, jambo ambalo vyuo vyenye paa havijaweza.

Hapa nikiri upungufu mdogo, maana kiongozi mkubwa hukiri madogo. Wakati wa kuandaa mradi nilikuwa sijafanya upembuzi wa kina kuhusu ubatizo wenu. Nikaja na mabeseni kumi ya plastiki, mapya, ya bluu, kwa ajili ya Idara ya Ubatizo. Mchungaji akanivuta pembeni, akaniambia kwa upole wake ule, "Mheshimiwa, kwetu mtu anazama mwili mzima. Humu mtu mzima haingii." Nikamuuliza, hata akikunja miguu? Akasema hata akikunja. Nimejifunza, na nimeagiza kwamba katika mastaplani mpya beseni liongezwe ukubwa.

(Kicheko kirefu. Mheshimiwa alikisubiri kiishe, akikihesabu kuwa ni shangwe.)

Kuhusu udahili, mwaka jana tulikuwa na wanafunzi sifuri, na mwaka huu tunaye mmoja. Wataalamu wangu walijaribu kukokotoa ongezeko hilo kwa asilimia, kompyuta ikagoma, kwa hiyo ni ongezeko lisilo na mfano. Simama Ndugu Abel, uonekane. (Alisimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwinjilisti kutoka Matembwe, amekumbatia godoro lililoviringishwa na kufungwa kwa kamba ya katani.) Ndugu Abel ameacha kazi ya kupasua mbao kule Matembwe baada ya kupokea barua yetu iliyomtaka aripoti leo saa mbili asubuhi akiwa na godoro, ndoo, jembe na Biblia, na amefika na vyote vinne. Huu ndio uzalendo. Waambie wananchi, Ndugu Abel, unajisikiaje kuwa mwanafunzi wa kwanza wa ndaki?

("Nashukuru Mheshimiwa. Nilikuwa naomba kujua hili godoro nitandike wapi.")

Mmemsikia. Msomi ni mtu wa maswali. Keti, Ndugu Abel. ("Kwenye nini, Mheshimiwa?" Viti vyote vilikuwa na watu. Abel akakalia godoro lake.) Hiyo tunaita ubunifu.

(Mama Teodora akanyoosha mkono tena. "Mheshimiwa, samahani. Mbegu zangu zimeshachipua. Ziko barazani, viroba saba. Zisipoingia ardhini wiki hii zinaoza. Na mimi hapa ndipo ninapopategemea. Mwaka huu nikikosa tena itakuwa mwaka wa tano.")

Mama Teodora, naomba nikujibu kwa kina, maana naona umeamua mengineyo yaje katikati. Wananchi wenzangu, wengi wenu mnaijua historia ya ardhi hii, lakini hamjaisikia kwa lugha ya kiutawala. Miaka minne iliyopita Mama huyu, kwa hiari yake, bila kushurutishwa na mtu isipokuwa maelezo yangu ya saa tatu, alitoa ekari hizi tatu nyuma ya kanisa, ambazo kwa mujibu wa wataalamu wa kilimo ndizo zenye udongo mzuri kuliko zote hapa kijijini, kwa ajili ya ujenzi wa ndaki. Niliguswa. Nilimuuliza, Mama, mbona unatoa kizuri namna hii? Akanijibu jambo ambalo nimelitumia katika hotuba zangu nyingi. Mama, hebu warudie.

("Sikukujibu wewe, nililijibu kanisa. Nilisema marehemu mume wangu alihubiri miaka thelathini bila kufundishwa na mtu. Alikuwa anakosea, anajua anakosea, anarudi nyumbani hali chakula. Nikasema kama kuna chuo kinakuja, kijengwe pale alipokuwa analima, ili wengine wasiumie kama yeye. Sikusema shamba likae na majani.")

(Washirika wakaitikia chini kwa chini, "Kweli.")

Inagusa sana. Na ndiyo maana mimi binafsi nilisimamisha lile bango pale, linalosomeka vizuri hata kutoka barabarani: Eneo la Mradi, Hairuhusiwi Kulima. Maana Mama, hebu fikiria kwa mtazamo mpana, ukipanda viazi hapa, mfadhili akipita akaona viazi, atasema nini? Atasema hapa pana viazi. Lakini akiona majani, atasema hapa pana maandalizi. Kwa hiyo majani haya unayoyalalamikia yanafanya kazi kubwa sana ya kitaifa, na kama mtu mzima mwenye busara ningetarajia uyaonee fahari. Nakuomba uwe na subira. Subira huvuta heri.

("Imevuta miaka minne," akasema Shemasi Beatha. "Mama ananunua viazi sokoni Makambako. Mtu wa Ilendela, ananunua viazi.")

(Mnong'ono wa aibu ukapita kwenye mabenchi. Hata upande wa Makambako waliinamisha macho.)

Shemasi, utapewa nafasi. Niseme tu kwamba nimeumia. Nimeumia kwa sababu mtu anapofanya kazi kubwa kama yangu, usiku na mchana, bila kuonekana, halafu akaulizwa habari za viazi, moyo unavunjika. Nawauliza, kati ya viazi na Kigiriki, kipi kitalikomboa taifa?

(Mzee Laurenti: "Mimi sijala tangu asubuhi, usiniulize hilo.")

Basi tusonge. Mimi ni mtu wa kujifunza mila za watu, na nimejifunza jambo moja la ajabu kuhusu ninyi Wabaptisti, kwamba hamna askofu. Sikuamini. Nikamuuliza Mchungaji Gideoni, sasa nani anawaambia mfanye nini? Akasema, "Washirika wanapiga kura." Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, "Na mimi ninayo moja." Nilimwonea huruma mpaka nikakosa usingizi. Lakini kiongozi mahiri humpa kila mtu anachopenda, na kwa kuwa ninyi mnapenda kura, leo nitawafurahisha. Badala ya kumaliza kwa makofi tu kama ilivyo kawaida kwenye maeneo yenye maendeleo, tutamaliza kwa kura. Hoja yangu ni nyepesi: kwamba shamba hili liendelee kutunzwa kama lilivyo kwa miaka minne mingine, na kwamba Mratibu Mkuu apongezwe. Wanaokubali waseme ndiyo. Naona wote mmekubali. Asanteni sana.

(Dada Zipora, Katibu, alikuwa amesimama. Ni mwanamke mfupi, fundi cherehani, na sauti yake si kubwa. "Mheshimiwa, bado. Kwetu hoja ikitolewa inaungwa mkono kwanza.")

Rodrick anaiunga mkono.

("Rodrick ni mshirika wa Makambako. Anayeunga mkono awe mshirika wa hapa.")

Kumbe Rodrick ni Mbaptisti? (Dereva akatikisa kichwa kukubali, akitazama viatu vyake.) Miaka sita ananiendesha. Haya, kuna mtu wa hapa wa kuunga mkono?

(Mwishowe Shemasi Beatha akanyanyuka. "Naiunga mkono mimi. Siipendi, ila naiunga mkono ipigiwe kura, Mheshimiwa asije akasema tumemnyima.")

Huo ndio ukomavu. Sasa Dada Katibu, malizia hiyo prosesi yenu, lakini kwa kifupi, maana nina uzinduzi mwingine mchana.

("Nianze kwa kusoma tulichoandika siku tunapokea shamba," akasema Zipora, akafunua kurasa nyuma. "Inasema hivi: Washirika tumekubali kulitunza shamba la Mama Teodora, ekari tatu, kwa ajili ya chuo, mpaka washirika watakapoamua vinginevyo. Mwisho. Kwa hiyo kura hii ndiyo yenyewe. Hoja ikipita, shamba linakaa. Hoja ikianguka, shamba linarudi kwa mwenyewe.")

Ngoja kidogo. Yenyewe ipi? Dada yangu, hii ni kura ya shamrashamra. Ni kura ya kunogesha shughuli.

("Sisi hatuna hiyo, Mheshimiwa," akasema Mchungaji Gideoni, kwa upole ule ule wa mabeseni. "Kwetu mkono ukinyooshwa unahesabiwa, na ukihesabiwa umeamua. Na wewe ndiye uliyeleta hoja.")

(Zipora: "Wanaokubali wanyooshe mikono.")

Mimi nanyoosha. Nanyoosha na wa pili.

("Umebatizwa, Mheshimiwa?" akauliza Zipora, kalamu mkononi.)

Nimebatizwa nikiwa na siku arobaini, nina cheti, kipo kwenye faili ofisini.

("Kwa maji ya kunyunyiziwa?")

Kwa kunyunyiziwa, ndiyo, kwa heshima zote.

("Basi kwetu bado. Shimo lipo, ukipenda. Lakini leo hutapiga kura." Akaandika. "Wanaokubali: hakuna. Wanaopinga?")

(Mikono ikapanda kuanzia benchi la nyuma kuja mbele, ya wazee, ya kina mama wenye watoto mgongoni, ya vijana wa kwaya, na wa Mchungaji, mmoja, katikati yao. Zipora akahesabu mara mbili kwa kunyoosha kalamu. "Mzee Laurenti, shusha, wewe ni Mkatoliki." Mzee Laurenti akasema alikuwa ananyoosha mgongo tu, lakini alichelewa kuushusha. "Wanaopinga: hamsini na nane. Wasio na upande?")

(Mkono mmoja. Ulikuwa wa Mama Teodora.)

Mnaona? Mama mwenyewe hajapinga. Mama, nakupongeza sana, wewe ni mdau wa kweli.

("Si hivyo, baba," akasema Mama Teodora. "Shamba nililitoa kwa mdomo wangu mbele za Mungu. Siwezi kunyoosha mkono nijirudishie mwenyewe. Nimeogopa. Ndiyo maana nimekuwa nauliza tu, nipande au nisipande.")

(Zipora akaandika, kisha akasoma alichoandika polepole ili asikosee. "Hoja imeanguka. Washirika wameamua shamba lirudi kwa Mama Teodora kuanzia leo. Hakujirudishia. Amerudishiwa na kanisa." Akafunga daftari. "Mama, panda.")

(Mama Teodora alijifunika uso kwa khanga. Aliye karibu alimsikia akisema, "Asanteni, wanangu," na tena, "asanteni." Shemasi Beatha akamgusa bega akamwuliza kama viroba vyote saba viko barazani, na kina mama wakaanza kusimama, mmoja mmoja, wakikunja vitenge kiunoni.)

Wananchi, naomba utulivu. Mkutano haujafungwa. Kwa mujibu wa ratiba mkutano hufungwa na aliyeufungua, na mimi bado nina kurasa tisa. Mchungaji, waambie wakae. ("Wamepiga kura, Mheshimiwa. Mimi nina moja tu, na nimeshaitumia." Mchungaji naye akavua koti, akalitundika kwenye bango la mradi.) Ndugu Abel, wewe ni mwanafunzi, uko chini ya sheria za bweni, keti.

(Abel alikuwa ameshika jembe. Mama Teodora, macho bado mekundu, akamwambia, "Baba, hilo godoro lipeleke kwangu, kuna chumba cha uani. Utalala pale mpaka ujue la kufanya." Abel akasema, "Asante mama," akaondoka na godoro kichwani.)

Haya. Kwa kuwa kamera ya Kamisheni bado ina chaji, nitaendelea na waliobaki. Kura ile naitafsiri kama ifuatavyo: wananchi hamsini na nane wamejitokeza kushiriki katika mradi, mwitikio ambao haujawahi kuonekana tangu mradi uanze, na katika taarifa yangu nitaandika hivyo hivyo, bila kuingia kwenye undani wa walikuwa upande gani. Kurejeshwa kwa shamba ni mafanikio pia, kwa sababu sasa ndaki imeondokana na changamoto ya ardhi. Taasisi nyingi hapa nchini zinasumbuliwa na migogoro ya ardhi. Sisi, kuanzia leo, hatuna ardhi, na kwa hiyo hatuna mgogoro.

Nimalizie kwa kaulimbiu. Nikisema ndaki, mtaitikia inakuja. Ndaki. (Rodrick: "Inakuja.") Theolojia ya Kibaptisti. (Rodrick: "Inakuja.") Vitanda mia sita na arobaini. ("Mheshimiwa, mvua inakuja," akasema Rodrick. "Tukikaa sana, ile barabara ya kuelekea lami haitapitika.") Endelea kuitikia, nakaribia.

Sasa ni wakati wa shukrani, na mimi si mchoyo wa shukrani. Kwanza kabisa naishukuru mamlaka inayosimamia vyuo, kwa barua yao ya mwezi uliopita iliyosema hawajawahi kusikia wala kusajili taasisi yoyote inayoitwa Ndaki ya Makazi ya Chuo Kikuu na Shule ya Theolojia ya Kibaptisti Ilendela. Wameliandika jina letu lote, bila kukosea hata herufi moja, juu ya karatasi yao yenye nembo. Ni vyuo vingapi vimetambuliwa kwa jina kamili namna hiyo? Barua hiyo nimeiwekea fremu. Nawashukuru viongozi wa Wabaptisti wa ngazi za juu, ambao nilipowapigia simu walisema nimekosea namba, lakini walisema kwa ukarimu mkubwa. Namshukuru kijana aliyetuchorea picha ya jengo letu la ghorofa nne, ambaye aliitoa kwenye kalenda ya hoteli na hakuwahi kuuliza tunaipeleka wapi. Nawashukuru wafadhili wetu wa ng'ambo, ambao hawajui kama tupo, na kwa miaka yote minne hawajatusumbua kwa ukaguzi. Nawashukuru wanafunzi mia sita na thelathini na tisa ambao hawakuomba, maana wangeomba ingekuwa tabu. Nawashukuru wajumbe wote wa Kamisheni, yaani mimi na Rodrick, na Rodrick leo nimegundua ana imani yake.

(Viti vya mbele vilikuwa vimebaki vitupu. Nyuma ya shimo watu walikuwa wameshajipanga, wenye majembe wakikata matuta, kina mama wakifuata na mbegu, na Mzee Laurenti wa Uwemba naye alikuwa huko, maana kupanda hakuhitaji kura.)

Na mwisho, kwa namna ya pekee kabisa, namshukuru Mama Teodora kwa kutupatia shamba lake kwa miaka minne. Nasema kwa namna ya pekee kwa sababu wiki hii nilipokuwa naandaa hotuba hii nilimwagiza Rodrick apitie faili lote la mradi, kuanzia ndaki, vitanda, kengele, shule, mpaka chuo kikuu chenyewe, aweke alama ya vema kwenye kila kitu kilichopo. Amerudi na alama moja. Ni shamba, Mama. Katika mambo yote niliyoyataja leo, shamba lako peke yake ndilo lililokuwepo.

Asanteni kwa kunisikiliza.

(Makofi hayakupigwa. Walikuwa wamefika tuta la saba, na mikono yao ilikuwa na udongo.)